Kipande cha Ngozi ya Saido

Madereva wanaopita asubuhi Lozells, mtaa wa Birmingham huko Uingereza, walimjua Saido Warsame hata kama jina lake hawakulijua. Alikuwa yule mama mrefu wa Kisomali mwenye koti la manjano linalong'aa juu ya hijabu nyeusi, anayesimama karibu na lango la shule ya msingi akiwa ameshika fimbo ndefu yenye kibao cha mviringo. Kazi yake ilikuwa kuvusha watoto. Hakuwa na haraka. Alishuka barabarani kwa mwendo wa mtu anayeingia sebuleni kwake, akasimamisha kibao, na hata basi la ghorofa likatulia mbele yake mpaka mtoto wa mwisho afike ng'ambo na begi lake.

Alizaliwa Isiolo, kaskazini mwa Kenya, mji ambao Msomali, Mborana, Mmeru na Mturkana hukutana kwenye bucha moja na Kiswahili kikawa ndicho cha wote. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, kwa hiyo Saido alikulia kati ya mbuzi na ng'ombe, na utoto wake mwingi ulipita akiwabandua kupe masikioni mwa wanyama na kuwaponda kwa jiwe. Baadaye maisha yakampeleka Nairobi, kisha Sweden, ambako aliolewa na Abdiweli, na mwishowe Birmingham, kwa sababu Abdiweli alitaka kuzeeka mahali penye msikiti wa kufikika kwa miguu. Hakujaliwa kuzeeka. Moyo wake ulisimama wakati binti yao Iqra alipokuwa bado shule ya msingi. Saido akabaki na mtoto huyo mmoja, nyumba ya matofali mekundu iliyobanana na za jirani, na kazi yake ya barabarani.

Kiangazi cha mwaka 2018 kilikuwa kikali kuliko vyote alivyowahi kuviona Uingereza. Nyasi za bustani zilikauka zikawa na rangi ya mkate. Mwaka ule ndipo rafiki yake Deka, mwanamke wa Eastleigh ya Nairobi mwenye sauti ya kuamrisha, alipowakusanya akina mama wa mtaa na kuwaambia kwamba hawatakaa kwenye makochi wakisubiri presha na sukari ziwamalize. Akaanzisha matembezi ya Jumamosi. Mwanzoni walizunguka bustani za karibu, halafu wakapata ujasiri, wakakodi gari dogo, wakaenda hadi msitu wa Cannock Chase kaskazini mwa jiji, wakiwa na chupa za chai, sambusa na mikeka ya kuswalia.

Saido aliupenda msitu ule kuliko alivyotarajia. Misonobari ilikuwa mirefu, njia za mchanga zilikuwa laini, na kulungu waliwachungulia kwa mbali kisha wakaruka na kutoweka. Adhuhuri ilipoingia akatoka njiani, akatafuta mahali tambarare penye kivuli katikati ya majani ya kangaga yaliyomfika kiunoni, akatandika mkeka na kuswali. Alipomaliza hakuinuka mara moja. Aliegemea mti, akavua soksi, akapandisha gauni kidogo miguu ipate upepo, akafumba macho. Alijisikia kama mtu aliyepewa ruhusa.

Baada ya kama wiki moja, akioga, mkono wake ulipita nyuma ya paja la kushoto, juu kidogo ya goti, akahisi joto. Akamwita Iqra aangalie. Iqra, aliyekuwa mwaka wa mwisho wa masomo ya kujiandaa kuingia chuo kikuu na aliyekielewa Kiswahili chote ila alijibu kwa Kiingereza tu, alisema ni alama nyeusi kama ya mtu aliyejigonga kwenye meza. Saido hakukumbuka kujigonga popote. Akaiacha.

Alama haikuondoka. Ikapanuka. Kwenye ngozi yake nyeusi haikuwa nyekundu. Ilikuwa na rangi ya zambarau iliyopauka, yenye ukingo ulioinuka kidogo sana, na katikati kama inataka kusafika. Saido akasema ni choa. Alipokwenda kliniki ya mtaa, daktari kijana aliyempokea alitazama kwa sekunde chache na kusema vivyo hivyo, akamwandikia dawa ya kupaka. Hakuna aliyeshangaa, kwa maana wote wawili walikuwa wamekubaliana.

Akapaka asubuhi na jioni. Alama ikazidi kutanuka bila hata kumwasha. Halafu shingo ikaanza kukakamaa, viungo vikauma kwa zamu, leo bega, kesho kifundo cha mguu, na uchovu ukamwingia wa aina ambayo hakuwahi kuijua hata alipokuwa na mimba. Aliamka amechoka, akafika kazini amechoka. Alijisemea kwamba ni jua hili, au ni umri umekuja bila kubisha hodi.

Kilichomtia hofu ni jambo lililotokea barabarani. Watoto walikuwa wanavuka, wa mwisho akiwa msichana mdogo anayetembea akisoma kitabu, na mkono wa Saido ukalegea. Hakuushusha yeye, uliteremka wenyewe, na kibao kikateremka nao. Dereva wa gari la mizigo akadhani amemaliza, akaanza kuondoka. Saido akajitupa mbele ya gari kwa mwili wake wote, akampigia bodi kwa kiganja. Gari likasimama. Msichana akafika ng'ambo bila kuinua macho kwenye kitabu. Hakuna aliyeumia. Lakini mwalimu mmoja aliyekuwa langoni alikuja, akaichukua ile fimbo kutoka mkononi mwake taratibu, kama mtu anayempokea mwenzake mtoto aliyelala, akamwambia aende nyumbani.

Kwa bahati siku iliyofuata alikuwa na miadi ya kupimwa presha kwenye kliniki ileile. Aliyempima alikuwa nesi aitwaye Balwinder, Mpunjabi wa Handsworth, mtaa wa jirani, ambaye wagonjwa wengi wa mtaa walimwita dada. Balwinder alimwona anavyokaa kwa kuegemea upande mmoja, akamwuliza ana nini. Saido akamwonyesha mguu. Nesi akapiga magoti sakafuni, akawasha taa ya simu yake, akaishika kwa pembeni ili mwanga upite juu ya ngozi badala ya kuipiga usoni, na ukingo wa ile alama ukajitokeza wote, duara kubwa karibu kama sahani ya kikombe. Akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameuliza: je, karibuni amekwenda msituni?

Saido akacheka. Akamweleza kuhusu Cannock Chase, na Balwinder alipotaja kupe, Saido akasema hapana, kupe anawafahamu tangu utotoni, ni wakubwa kama maharage, angemwona. Balwinder akachukua kalamu, akaweka nukta moja kwenye karatasi. Akamwambia kupe mchanga wa huku ni kiasi hicho. Saido akaiinamia ile nukta, akaigusa kwa kidole.

Nesi alichora mstari wa kalamu kuzunguka ukingo wa alama, akatoa damu ipelekwe kupimwa, akamwambia arudi baada ya siku chache. Majibu ya damu yalikuja na kusema hakuna kitu. Lakini ukingo wa alama ulikuwa umevuka mstari wa kalamu pande zote, kama maji yaliyopita tuta. Balwinder akampeleka moja kwa moja kwa yule daktari kijana. Daktari alitazama mstari, akatazama alama, uso ukambadilika. Kusema haki, hakujitetea. Alinyanyua simu palepale, na kabla ya saa sita mchana Saido alikuwa kwenye basi la kwenda hospitali kubwa ya jiji.

Daktari wa ngozi aliyemwona huko alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mvi, mtu wa kusema taratibu. Alimweleza kwamba huu ni ugonjwa wa Lyme, unaoletwa na bakteria anayeishi ndani ya kupe, na kwamba kipimo cha damu mara nyingi hakioni kitu mwanzoni kwa sababu mwili haujapata muda wa kutengeneza kingamwili. Dawa ipo, ataianza leo hii, na kwa kawaida haihitaji ushahidi zaidi ya alama yenyewe. Kisha akasema alama hii kwenye mguu wake yeye daktari ingeonekana nyekundu tangu mlangoni. Vitabu alivyosomea vilikuwa na picha nyingi za alama hiyo, na karibu zote zilikuwa za miguu myeupe. Yeye na wenzake walikuwa kwenye utafiti wa kukusanya picha za ngozi nyeusi, na kila picha walitaka iende na ushahidi ambao hakuna wa kuubishia: wamkute bakteria mwenyewe akiwa hai. Kwa hilo wangehitaji kipande cha ngozi yake kutoka ukingoni mwa alama, kidogo kuliko punje ya dengu, na kingepaswa kukatwa kabla hajameza kidonge cha kwanza. Anaweza kukataa, na matibabu yake hayatabadilika hata kidogo.

Saido hakuogopa kisu. Alichowaza ni kitu kingine. Kwao, akasema, sehemu ya mwili ikitoka huzikwa. Akauliza kipande hicho kitakwenda wapi mwisho wake.

Daktari alikiri kwamba hajawahi kuulizwa. Akasema amwite mtu wa maabara, maana ndiye angebeba kipande hicho na ndiye angejua.

Mtu wa maabara aliingia akiwa ameshika kichupa kidogo ndani ya kiganja, amekifumbata kama mtu anayetia joto kifaranga. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mweusi, mwembamba, mwenye miwani. Kadi kifuani mwake ilisema Ignace. Saido alikuwa anajisemea kwa sauti ya chini, Mungu wangu, sijui nikubali au nikatae, na yule kijana akageuka ghafla.

"Mama, unasema Kiswahili?"

Kiswahili chake kilikuwa cha Bukavu, mashariki mwa Kongo, chenye wimbo mwingine, lakini Saido alijisikia kama aliyefunguliwa dirisha. Ignace alikuja Uingereza akiwa kijana mdogo pamoja na wazazi wake, baada ya miaka ya ukimbizi Burundi. Alivuta kiti akaketi, akamjibu swali lake bila kuzunguka. Kipande hakitazikwa, alisema. Kitakaa ndani ya kichupa kile, na kazi ikiisha kitachomwa kwa sababu ya usalama, wala hana uwezo wa kumrudishia. Asingependa kumdanganya mama wa watu.

Saido alifikiri kidogo. Kisha akamwambia, "Kama kitamfanya mtu mwingine mweusi aonekane mapema, kichukueni. Mungu anajua nia."

Ganzi iliuma kuliko kukatwa kwenyewe. Daktari alishika kifaa chenye kisu cha mviringo, akakizungusha mara moja juu ya ukingo wa alama, akainua kipande cheusi chenye tumbo jeupe. Saido, aliyelala kifudifudi, aligeuza shingo kwa taabu akaona mahali kilipokwenda. Ignace alifungua kichupa, kipande kikazama katika maji ya rangi ya chai nyepesi, kifuniko kikafungwa.

Walipokuwa wanamfunga bandeji, Saido aliuliza mle ndani mna nini. Ignace akaeleza kwa furaha ya mtu asiyeulizwa mara nyingi. Ni mchuzi, alisema, hakuna jina bora zaidi ya hilo. Una sukari, una protini, una majimaji ya damu ya sungura, na una dawa za kuwazuia bakteria wengine wa ngozi wasije wakala wakashiba peke yao. Kichupa hukaa kwenye kabati lenye joto la chini kidogo kuliko la mwili, joto la ngozi. Bakteria hawa ni wagumu wa kulisha na hawana haraka. Kuna wengine, alisema, ukimimina chai, kabla haijapoa wameshajigawa na kuwa maradufu. Hawa huchukua nusu siku, pengine siku nzima. Kwa hiyo mtu husubiri majuma, akichota tone na kutazama, akichota tone na kutazama. Na mara nyingi, aliongeza, hakuna kinachoota.

Saido alimeza kidonge chake cha kwanza palepale na biskuti aliyopewa na nesi.

Jioni ile alitetemeka kwa homa mpaka meno yakagongana. Alikuwa ameonywa kwamba bakteria wanapoanza kufa mwili unaweza kuchachamaa, lakini kuambiwa na kuhisi ni mambo mawili tofauti. Iqra alimfunika mablanketi kwenye joto lile la kiangazi, akakaa naye akimshika mkono na kusoma karatasi ya dawa tena na tena. Kulipokucha homa ilikuwa imeshuka. Baada ya siku kadhaa shingo ikalegea, na kabla dawa hazijaisha alipanda ngazi za nyumba yake na kugundua akiwa juu kwamba hakupumzika katikati. Alama ilififia taratibu kutoka ukingoni, ikabaki kovu dogo la duara mahali walipokata.

Shule zilifungwa, akapumzika. Na katika mapumziko hayo wazo moja lilimjia likakataa kuondoka. Huku Lozells alikuwa anameza vidonge kuwaua viumbe waliomo mwilini mwake. Kule mjini, ndani ya kabati, kijana wa Bukavu alikuwa anawabembeleza ndugu za viumbe haohao waishi. Ngozi iliyokuwa yake, iliyozaliwa Isiolo na kupigwa na baridi ya Sweden, ilikuwa imelowa kwenye mchuzi wa sungura, na ndani yake pengine kulikuwa na uhai unaohesabu siku kwa namna yake. Alikuwa akikata vitunguu linamjia. Alikuwa kwenye foleni ya duka la Soho Road linamjia. Alipomwambia Deka, Deka alisema hayo ni mawazo ya mtu aliyekosa kazi. Iqra alisema, kwa Kiingereza chake, kwamba ni jambo la kuchukiza kidogo. Lakini Saido aligundua kwamba binti yake alikuwa amesoma habari hizo kwenye simu, maana alianza kujua mambo ambayo hakuna aliyemfundisha.

Septemba, siku chache baada ya shule kufunguliwa, simu ililia. Alikuwa Ignace. Alisema daktari amemruhusu kumpigia.

"Mama Saido, wameota. Ukitaka kuwaona, kuja."

Alikwenda alasiri baada ya kuvusha watoto, bado amevaa koti lake la manjano, Iqra akiwa pamoja naye. Ignace aliwapokea mlangoni, akawavisha makoti meupe, akawaingiza katika chumba kidogo kando ya maabara. Hakikuwa na madirisha. Juu ya meza palikuwa na hadubini, na chini ya lenzi yake kioo chembamba ambacho tone lilikuwa limefungiwa ndani yake pande zote. Ignace alieleza kwamba mwanga wa hadubini hii hauji moja kwa moja bali hutokea pembeni, ili kila kitu kiwe giza isipokuwa kile kilicho hai ndani ya tone. Saido akakumbuka namna Balwinder alivyoishika taa. Akainama, akaweka jicho.

Mwanzoni hakuona ila weusi mtupu. Akazungushiwa kitufe kidogo. Na weusi ule ukawa na nyota.

Halafu akaona kwamba hazikuwa nyota. Zilikuwa nyuzi nyembamba za fedha, zimesokotwa kama shanga zinazopindapinda, na zilikuwa zinakwenda. Moja ilipita mbele ya jicho lake ikijizungusha kwa mwendo wa utulivu, ikasimama, ikajikunja kama inayofikiri, ikageuka na kurudi ilikotoka bila kugeuza kichwa, kwa kuwa haikuwa na kichwa. Nyingine mbili zilikuwa zimeshikana katikati na zikivutana. Nyingine ilitetemeka mahali pamoja. Hapakuwa na sauti yoyote. Walikuwa wanafanya shughuli zao kama watu wa mtaa wowote siku ya kawaida, wala hawakujua kwamba wanatazamwa na mwanamke waliyemlegeza mkono barabarani.

"Subhanallah," alisema Saido.

Ignace alizungumza nyuma yake kwa sauti ya chini, na kwa mara ya kwanza akaacha Kiswahili cha kuwajali wageni, akasema cha nyumbani kwao. "Siku nilionaka hii mara ya kwanza, Mama, nililiaka."

Saido hakuondoa jicho. Akaomba aelezwe wametoka wapi kabla hawajamfikia. Ignace akaanza mbali. Maabara ilikuwa imewachunguza, ikaonekana ni wa ile jamii inayopenda kuishi ndani ya panya wa msituni. Panya hao hawaumwi. Wanaishi nao tu. Kupe mchanga anapoanguliwa ni msafi. Humnywa panya damu mara moja, akadondoka, akajificha kwenye majani, na bakteria wakabaki tumboni mwake wamelala, majira mazima, bila kula kitu cha maana. Kupe huyo akija kupanda juu ya jani na kumpata mnyama mwingine, damu ya moto ikaingia, wale waliolala huamka. Hubadilisha vazi lao la nje ili wafae kuishi mahali papya. Wakaogelea kutoka tumboni hadi mdomoni mwa kupe, wakaingia kwenye ngozi, na kutoka hapo wakasambaa pande zote kwa usawa, ndiyo maana alama huwa duara, na ndiyo maana daktari alikata ukingoni. Ukingoni ndiko walikokuwa wamefika.

Saido alijaribu kukishika kitu hicho kichwani. Panya mmoja, ambaye hatamwona kamwe, alikimbia chini ya kangaga. Kupe mmoja asiyezidi nukta alingoja. Yeye alitoka njiani kumsujudia Muumba wake, na huko chini, kwenye majani yaleyale, palikuwa na kitu kilicholala kinachojua kuamka kwa joto la damu. Hakuna aliyekifundisha. Alikuwa amesoma Kurani tangu utotoni na kusikia kila Ijumaa kwamba hakuna jani linaloanguka ila kwa ujuzi wa Mungu, na alikuwa ameliamini jambo hilo kama watu wanavyoamini mambo, kwa mdomo na kwa adabu. Sasa lilimsimamia mbele, likiwa hai, likijizungusha.

Hakuwa na chuki nao. Hilo ndilo lililomshangaza zaidi. Alijitafuta ndani akakuta woga upo, heshima ipo, lakini chuki hakuikuta.

Iqra akaomba zamu yake. Aliinama, nywele zikamwangukia pembeni ya hijabu, akakaa hivyo muda mrefu sana, mpaka mama yake akadhani haoni. Kumbe alikuwa anaona. Alipoinuka macho yake yalikuwa yameloa, akamtazama mama yake kama aliyekuwa anamwona upya.

"Hooyo," alisema, "hawa walikuwa ndani yako?"

Ukiacha hooyo, yaani mama kwa Kisomali, yote alisema kwa Kiswahili. Saido akaitikia kwa kichwa, wala hakumtania.

Kabla ya kuondoka aliuliza nini kitafuata. Ignace akasema sehemu kubwa ya mchuzi itaharibiwa kwa moto, lakini vichupa vichache vitaingizwa kwenye friza yenye baridi kali mno, na humo bakteria hawatakufa; watasimama tu. Baada ya miaka mtu akiwahitaji atawapasha joto, na wataamka na kuendelea kuogelea walipoachia. Pembeni ya kichupa hakutakuwa na jina lake, namba tu. Saido akauliza kama itakuwa hivyo hata yeye akiwa ameshakufa. Ignace alifikiri kabla ya kujibu, kisha akasema ndiyo, inawezekana kabisa. Yeye mwenyewe pia anaweza kuwa amekufa.

Wakatoka. Nje palikuwa na jua la mwisho la kiangazi, mabasi yalikuwa yamejaa watu wanaorudi kutoka kazini. Saido na Iqra waliketi ghorofani mbele kabisa, wakarudi Lozells.

Picha ya mguu wake ilikuja kutumika. Majira ya baridi yale daktari wa ngozi alimwandikia kumshukuru na kumweleza kwamba imeonyeshwa kwa madaktari wa kliniki za mtaa katika jiji zima, na chini yake imeandikwa kwamba bakteria wameoteshwa kutoka kwenye ngozi hiyo. Balwinder, aliyekuwa amehudhuria, alimsimulia kwamba yule daktari kijana alikaa mstari wa mbele na kuuliza maswali mengi kuliko wote. Ignace naye alimleta mkewe Merveille na mtoto wao kula wali na nyama ya mbuzi kwa Saido, na tangu siku hiyo walimwita bibi wa mtoto, wakaja mara kwa mara.

Lakini alichopata shida nacho ni kuwasimulia wenzake. Jumamosi moja akina mama wa matembezi walikusanyika nyumbani kwa Deka, mvua ikiwa imewazuia kutoka, na wakamtaka awaeleze alichokiona. Saido alianza na kabati, akaeleza mchuzi, akaeleza giza la hadubini. Alipofika kwenye zile nyuzi maneno yakamwishia. Alijaribu kwa mikono, akizungusha vidole hewani, akaacha.

Deka akamwuliza, kumsaidia, kama walikuwa wanatisha.

"Hapana," alisema Saido. "Wanapendeza."

Wanawake wakaangua kicheko, wakasema homa bado haijamtoka kichwani. Deka akamwongezea chai. Saido aliwaacha wacheke, hata akacheka nao kidogo, maana hakuwa na namna ya kuwathibitishia. Lakini hakulibadilisha neno lake. Na siku zilizofuata, mtu yeyote aliyemwuliza, awe mwalimu pale langoni au jirani dirishani, alimpa jibu lilelile.